Haki ya Ndoa Hutolewa, Hainyang'anywi

Maandiko ya kusoma nyumbani: 1 Wakorintho 7:1-5, 2 Samweli 13:1-22, Wimbo Ulio Bora 5:2-6, Mathayo 19:3-8



Katika semina ya wanandoa tulipokea maswali kwenye vikaratasi visivyo na majina. Kimoja kiliuliza hivi: "Pasta, mume akimlazimisha mkewe kitandani, hiyo ni dhambi au ni haki yake?" Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, wengine wakawa wanatazama viatu vyao. Mimi nilijibu kwa mzaha, nikasema muda umeisha, tutarudi. Leo nimerudi. Lakini kabla sijajibu, lazima nitubu mbele yenu, kwa sababu swali hili niliwahi kulijibu zamani, na nililijibu vibaya.

Nilipokuwa bado mgeni katika huduma, dada mmoja alinijia ofisini baada ya maombi ya Jumatano. Ameniruhusu kueleza haya, nami nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Alikuwa mke wa ndoa, na cheti anacho. Aliniambia kwamba mumewe akirudi usiku haulizi wala haombi, na yeye akisema amechoka au anaumwa, anabanwa mikono. Alikuwa akisema huku akisokota ncha ya leso yake. Nami nikafungua Wakorintho wa Kwanza sura ya 7, nikamsomea mstari wa 4, ile nusu inayohusu mwili wa mke. Nikamwambia avumilie, amwombee mumewe. Nikamwekea mikono, nikamruhusu arudi nyumbani. Akasema asante, pasta.

Baadaye nilimkuta stejini akisubiri matatu ya kwenda Mombasa. Nikamuuliza mbona amepotea kanisani. Akanijibu kwa upole, bila hasira: "Pasta, nilimwambia kwamba umenisomea ule mstari. Sasa yeye ndiye ananisomea. Kila usiku, kabla." Matatu ikaja, akapanda, nikabaki nimesimama pale.

Sijawahi kuhubiriwa mahubiri mafupi kuliko hayo. Neno la Mungu, kupitia kinywa changu, lilikuwa limegeuzwa kamba ya kumfungia mtu. Ndiyo maana naandika.

Andiko lenyewe linasema nini?

Tulisome polepole, maana kosa langu lilikuwa haraka. Kwanza, Paulo haanzi na mke. Anaanza na mume, katika mstari wa 3, na agizo lake ni kwamba mume ampe mke haki yake. Kisha ndipo anamgeukia mke naye, kwamba ampe mume. Angalieni kitenzi. Katika Kigiriki ni neno la kulipa kile unachodaiwa. Anayeagizwa ni mwenye kutoa. Hakuna mahali Paulo anamwambia mwenye kudai aende akachukue. Tofauti hiyo si ndogo. Mtu akiniambia, "Mpe jirani yako chakula," hajampa jirani ruhusa ya kuvunja jiko langu.

Pili, mstari wa 4 una nusu mbili, na mimi nilisoma moja. Nusu ya kwanza inasema mwili wa mke uko chini ya mamlaka ya mumewe. Nusu ya pili inasema vivyo hivyo kuhusu mwili wa mume, kwamba uko chini ya mamlaka ya mkewe. Sasa fikirini. Kama mwili wa mume uko chini ya mamlaka ya mke, basi mke akiuambia mwili huo, "Leo pumzika," anatumia mamlaka aliyopewa na andiko lile lile. Mume anayelazimisha hatimizi mstari wa 4. Ameusoma nusu na kuuvunja nusu iliyobaki.

Mimi nilisomea biashara, kwa hiyo niruhusuni mfano wa akaunti. Wengi wenu mko kwenye chama. Akaunti ya chama huwa na watia sahihi wawili. Pesa ni za wote, kila mmoja ana haki nazo, lakini hakuna anayeweza kuzitoa peke yake. Mweka hazina akiiga sahihi ya mwenyekiti, hawezi kujitetea kwamba pesa zilikuwa zake pia. Zilikuwa zake, ndiyo, lakini kwa sahihi mbili. Ndicho Paulo anachokisema katika mstari wa 5, kwamba hata kujizuia kwa ajili ya maombi kuwe kwa kupatana. Kama kujizuia kwenyewe kunahitaji mapatano ya wawili, kukaribiana kutakosaje?

Tena kuna Wimbo Ulio Bora sura ya 5. Mpenzi anakuja usiku, anabisha mlango. Mwanamke ameshavua nguo, ameshanawa miguu, anaona uvivu kuamka. Mwanamume hakuvunja komeo. Alipochelewa kufunguliwa, aliondoka. Na mwanamke alipoinuka kufungua, moyo wake ulikuwa ukimtafuta. Bwana wetu mwenyewe, katika Ufunuo 3:20, anasimama mlangoni na kubisha, ingawa nyumba ni yake kwa kuiumba na kwa kuinunua. Tunaambiwa katika Waefeso 5 waume wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda kanisa. Basi nani ametuonyesha Kristo akivunja mlango wa kanisa?

Kwa hiyo nalijibu lile swali la kikaratasi waziwazi. Kumlazimisha mke ni dhambi. Si udhaifu tu, si ukali wa mapenzi, wala si haki iliyotumika vibaya. Ni ukatili, na cheti cha ndoa hakiuoshi.

Sheria ya nchi inasemaje?

Hapa wengi watashangaa. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Mswada wake uliletwa bungeni na mbunge mteule Njoki Ndung'u, ambaye baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Juu. Chini ya sheria hiyo, anayembaka mtu hafungwi chini ya miaka 10, na anaweza kufungwa maisha. Lakini kifungu cha 43, kinachoeleza maana ya kulazimisha, kinamalizia kwa kusema kwamba maelezo hayo hayawahusu watu waliooana kihalali. Kwa maneno mengine, mwanamume akimfanyia jambo hilo mwanamke asiyemjua, ni miaka 10. Akimfanyia mkewe, jambo lile lile, usiku ule ule, sheria hiyo inageuza uso.

Wazo hili halikuzaliwa kwa mababu zetu peke yao. Katika karne ya 17 kulikuwa na jaji wa Uingereza aliyeitwa Matthew Hale. Aliandika kwamba mume hawezi kuhesabiwa mbakaji wa mkewe, kwa kuwa mke alishajitoa kwake siku ya ndoa na hawezi kujirudisha. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1736, yeye akiwa ameshakufa. Maneno hayo yakasafiri na sheria za Kiingereza hadi makoloni. Mwaka 1991, majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliyakataa, wakasema mke si mtu aliyepoteza hiari yake. Waliotuletea kanuni wakaiacha, na sisi miaka 15 baadaye tukaiandika upya kwa mkono wetu.

Majirani zetu nao wako mbalimbali. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 1998, inamlinda mke ikiwa tu ametengana na mumewe. Rwanda, tangu sheria ya mwaka 2008, inamwadhibu mume anayembaka mkewe.

Hata hivyo msidhani kwamba Kenya haina lolote la kumpa mke. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 45, inasema waliooana wana haki sawa wanapooana, wakiwa ndani ya ndoa, na ndoa inapovunjika. Ibara ya 29 inamlinda kila mtu dhidi ya ukatili, utoke serikalini au kwa mtu binafsi. Na mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, ambayo inataja kwa jina ukatili wa kingono ndani ya ndoa. Kwa sheria hiyo mke, au mume, anaweza kwenda mahakamani akaomba amri ya ulinzi. Anayevunja amri hiyo anashtakiwa. Tena kupiga na kuumiza ni kosa la jinai, hata kama aliyeumizwa ni mkeo wa miaka 30.

Basi sheria yetu imesimama mguu mmoja ndani, mmoja nje. Inakiri kwamba jambo hili ni ukatili, lakini haiko tayari kuliita kwa jina lake kamili. Mimi naona ile sentensi ya mwisho ya kifungu cha 43 iondolewe, na sioni kama mkristo anapaswa kuogopa kusema hivyo.

Lakini kwetu sisi waamini kuna neno zito zaidi. Mafarisayo walipomuuliza Yesu juu ya talaka, walisimama juu ya kile ambacho sheria iliruhusu. Yesu akawajibu, katika Mathayo 19:8, kwamba Musa aliruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao, lakini tangu mwanzo haikuwa hivyo. Ndugu, mahali ambapo sheria imenyamaza, Mungu hajanyamaza. Mume anayesema, "Nionyeshe kifungu kinachonikataza," anajipima kwa ugumu wa moyo wake mwenyewe.

Lakini pasta...

Nayajua maswali, maana nimeulizwa na wazee ninaowaheshimu.

Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, ukifungua mlango huo, wanawake watasingizia waume wafungwe ili wabaki na shamba." Sitadharau hofu hiyo. Watu husingizia. Lakini watu husingizia pia wizi, na hatujafuta sheria ya wizi. Kazi ya mahakama ni kupima ushahidi. Tena tujiulize, katika mitaa yetu hii, Majengo hadi Mtomondoni, ni wangapi tunaowajua waliosingizia, na ni wangapi walionyamaza? Siri ya mtungi aijuaye kata. Tunaoketi ofisini kupokea watu tunazisikia siri hizo, na nyingi ni za walionyamaza.

Mwingine husema, "Mke akikataa, mume ataenda nje, na Mtwapa yetu usiku inajulikana." Kweli inajulikana. Lakini mtu mzima aliyeokoka hawezi kumwambia mkewe, "Nikubalie kwa nguvu au nikazini." Hayo ni matishio, si ndoa. Na kama kuna wanandoa ambao mmoja ananyima mwenzake mwezi hadi mwezi kwa kisasi, Paulo anasema nao pia, na ofisi iko wazi tuzungumze. Kunyimwa kunauma. Dawa yake ni mazungumzo, daktari, ushauri na toba. Haijawahi kuwa nguvu.

Wa tatu ananiambia, "Nimelipa mahari." Ndugu yangu, mahari ni heshima kwa wazazi waliomlea. Hukupewa risiti.

Swali gumu kuliko yote, nalo silimalizi kwa maneno matamu, liliulizwa na mama mwenyewe: "Akifungwa, nani atalipa kodi ya nyumba? Watoto watakula nini?" Hapo sheria peke yake haitoshi, na mahubiri peke yake hayatoshi. Mwanamke asiye na shilingi mkononi hana hiari kamili hata kama Katiba imempa. Ndipo tunapojua kama sisi ni kanisa au ni mkutano wa Jumapili tu.

Hasira ya Daudi

Someni 2 Samweli 13. Amnoni na Tamari hawakuwa mume na mke, na sitaki kulazimisha mfano. Lakini angalieni waliowazunguka. Tamari alisema hapana kwa maneno ya wazi. Baada ya kutendwa, Absalomu ndugu yake alimwambia anyamaze, asiliweke moyoni. Mfalme Daudi aliposikia alikasirika sana, na andiko halitupi jambo lolote alilofanya. Alikasirika, basi. Baada ya miaka miwili nyumba ile ilimwaga damu.

Watumishi wengi tuna hasira ya Daudi. Tukisikia tunatikisa kichwa, tunasema, "Ni vibaya sana," halafu tunamwambia mama anyamaze kwa ajili ya ushuhuda wa ndoa. Na sisi wa Kilifi hatuna kisingizio. Mwaka 2023, huko Shakahola, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa kaunti yetu hii hii. Tumeona kwa macho yetu mafundisho yanaweza kumfikisha mtu wapi, pale utii unapohubiriwa bila kuulizwa. Mstari nilioutoa ofisini haukuua mtu. Lakini nimejifunza kuogopa mstari uliosomwa nusu.

Tutafanya nini?

Kwanza, dada anayekuja na habari hizi hatatumwa tena nyumbani na maombi pekee. Tutaomba, ndiyo, na tutafuatana naye. Atazungumza na mama wa kanisa, si na mimi peke yangu mlango ukiwa umefungwa.

Pili, hospitali kwanza, kabla ya kikao cha wazee. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Usioge, usifue nguo ulizokuwa umevaa. Polisi wanatakiwa kukupa nafasi ya kuzungumza na afisa wa jinsia yako ukiomba. Nambari ya simu ya bure ya msaada kwa waliotendewa ukatili wa kijinsia ni 1195. Iandike nyuma ya Biblia yako, hata kama huihitaji. Jirani yako anaweza kuihitaji.

Tatu, nimewaomba mashemasi kwamba sehemu ya mfuko wa wahitaji itengwe kwa kodi ya nyumba na chakula cha mama aliyelazimika kuondoka kwake ghafla. Hili bado linajadiliwa. Mtu akiniuliza kama kanisa lina pesa hizo, nitamwonyesha bajeti ya vipaza sauti.

Nne, katika darasa la wachumba, somo la mwili na ndoa sasa linafundishwa kwa wote wawili wakiwa pamoja. Zamani tulimketisha bibi harusi peke yake tukamfundisha kutokataa. Hatukumfundisha bwana harusi kuuliza.

Na kwako ndugu unayesoma haya ukiwa umekasirika, au ukiwa umeogopa kwa sababu umejiona: sikuandiki ili nikufukuze. Njoo. Lakini toba si kulia madhabahuni. Zakayo alirudisha. Kubali kwamba ulichofanya kina jina. Mke wako akitaka kwenda kukaa kwa wazazi wake kwa muda, usimzuie. Akitaka kwenda kwa polisi, usimtishe kwa mstari. Petro anaonya, 1 Petro 3:7, kwamba mume asiyemheshimu mkewe maombi yake huzuiliwa. Inawezekana unafunga na kuomba biashara ifunguke, na mlango umeufunga mwenyewe chumbani kwako.

Yule dada wa stejini nilimtafuta baadaye, nikiwa na mke wangu, nikamwomba msamaha. Nilimsomea sura ya 7 tena, mara hii mistari yote mitatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo ile nusu nyingine ilikuwepo siku zote?" Nikamwambia ndiyo, ilikuwepo. Hakusema kitu. Sikujua la kuongeza.

Tuombe: Baba, tusamehe sisi watumishi wako tulioyasoma maneno yako nusu. Wape nguvu na mahali salama wale wanaoogopa usiku. Wavunje mioyo wale wanaowatia hofu, watubu kweli. Utufundishe kupenda kama Mwanao, anayesimama mlangoni na kubisha. Katika jina la Yesu. Amina.